Tarabushi Niliyoipaka Nyeusi

Msomaji, naanza na aibu yangu mwenyewe. Vijisanamu kumi na viwili vya mti wa mninga, kila kimoja si kirefu kuliko kidole cha kati, vilikuwa vimesimama dirishani vikikauka. Nilivichonga kwa wiki tatu, nikavipaka rangi kwa siku mbili. Hao walikuwa askari wa Kongo, wa jeshi la Wabelgiji, wakiingia Usoke mwaka 1916. Nguo nilizipaka rangi ya vumbi, miguu nikaiacha peku, na tarabushi zote kumi na mbili nikazipiga nyeusi ti. Kwa nini nyeusi? Kwa sababu picha ilisema nyeusi. Nilikuwa na picha ya zamani iliyochapwa ndani ya kitabu, na humo kofia za wale askari zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu. Sasa nani atabishana na picha?

Akaja mzee mmoja jirani, ambaye enzi za filamu alikuwa na studio yake ya picha Tabora mjini. Akavaa miwani, akainama, akaviangalia kimoja kimoja.

"Mwanangu, hawa wamefiwa na nani?"

"Kwa nini, mzee?"

"Kofia nyeusi zote hizi! Hizi zilikuwa nyekundu."

Nikamletea kile kitabu. Hakukifungua hata kukifungua. Aliniuliza tu: kwenye chumba cha giza, mahali pa kusafishia picha, taa huwa ya rangi gani? Nyekundu, nikamjibu, maana hilo nimeliona hata kwenye sinema. Na kwa nini nyekundu? Hapo nikabaki kimya.

"Kwa sababu karatasi ya picha haiioni nyekundu. Kwake yeye nyekundu ni giza. Na vile vioo vya kupigia picha vya Wazungu wa zamani vilikuwa hivyo hivyo."

Akaondoka zake kwenda kunywa kahawa, akaniacha na watu wangu kumi na wawili waliofiwa.

Tangu siku ile nimeacha kuziamini picha za kale kwa jinsi nilivyoziamini. Si kwamba zinasema uongo. Zinasema ukweli kwa lugha nyingine, na asiyeijua lugha hiyo atapotea. Kioo cha kawaida cha picha cha wakati ule kiliona buluu na mwanga wa angani vizuri mno. Kilichoboreshwa kiliona na kijani pia. Lakini nyekundu hakikuiona kabisa, na manjano kiliiona kwa shida. Vioo vinavyoona rangi zote vilianza kuuzwa mwaka 1906, ila havikuenea haraka, na mpiga picha wa porini hakuwa na sababu ya kuhangaika navyo. Matokeo yake ni kwamba nyekundu inatokea nyeusi, manjano inatokea nzito kuliko ilivyo, na buluu inatokea hafifu, wakati mwingine nyeupe kabisa. Ndiyo maana mbingu katika picha hizo daima ni kama shuka jeupe, hata siku ambayo ilikuwa buluu ya kupendeza.

Kuna jaribio moja ambalo kila kijana mwenye picha ya zamani anaweza kulifanya. Tafuta bendera. Bendera ya Dola ya Ujerumani ilikuwa na mistari mitatu: mweusi, mweupe na mwekundu. Katika picha nyingi za enzi zile mstari mwekundu unafanana na ule mweusi, utadhani Wajerumani walikuwa na rangi mbili tu. Ya Ubelgiji ndiyo kichekesho zaidi, maana ni nyeusi, manjano na nyekundu, na kioo kibovu kinaweza kuifanya yote kuwa kitambaa kimoja cheusi. Basi ukiona bendera imegeuka hivyo, jua na tarabushi iliyo jirani yake imegeuka vilevile.

Labda utauliza, kijana mzima aliyemaliza sekondari anachezea vijisanamu vya nini? Mimi naandika riwaya, na katika riwaya hiyo kuna sura moja inayotokea hapa Usoke, Septemba 1916. Nilishindwa kuiandika. Kila nilipowatoa watu wangu porini walikuwa ni kivuli tu, "askari" na "askari", sijui nani yuko wapi, nani kamwona nani. Nikaamua kuwachonga niwapange mezani. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba jambo la rangi si la urembo. Pande zote mbili mstari wa mbele ulijaa Waafrika. Huku Wanyamwezi, Wasukuma na wengine katika jeshi la Mjerumani, kule watu wa Kongo katika jeshi la Mbelgiji. Mwezi wa tisa, jua kali, moshi wa nyasi zinazoungua, mita mia mbili kati yao. Mtu anamtambuaje adui? Kwa uso hawezi. Ni nguo na kofia ndivyo vitakavyomwambia afyatue au asifyatue. Nikikosea rangi, sura nzima ya riwaya imeanguka, kwa sababu watu wangu watapigana bila kujua wanapigana na nani.

Tuikumbuke habari yenyewe kwa ufupi, maana wengi tunapita stesheni ya Usoke tukinunua maembe dirishani bila kuijua. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, yaani ilikamilika mwaka uleule wa vita. Mwaka 1916 Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur walivuka kutoka Kongo kwa brigedi mbili. Ya kaskazini ilikuwa ya Kanali Molitor, iliyopitia Rwanda. Ya kusini ilikuwa ya Olsen, mtu wa Denmark, nayo ndiyo iliyotuhusu sisi. Kigoma ilitwaliwa mwishoni mwa Julai, na baada ya hapo brigedi ya kusini ikasogea mashariki kufuata reli. Mwanzoni mwa Septemba mapigano yalikuwa Usoke, kisha yakaenda Mabama na Lulanguru, wakati brigedi ya kaskazini ikipigana Itaga. Tarehe 19 Septemba Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Upande wa Ujerumani aliamuru Jenerali Kurt Wahle, na huyu naye ana kisa chake: alikuwa mstaafu, alikuja mwaka 1914 kumtembelea mwanawe na kuona maonyesho ya Dar es Salaam, vita vikamkutia huku. Mgeni aliyekuja kusalimia akaishia kuulinda mji wa Tabora miaka miwili baadaye! Tombeur yeye alipewa ubaroni huko kwao, akaitwa Baron Tombeur de Tabora. Mji wetu umo katika jina la ukoo wa Ubelgiji.

Sasa turudi kwenye nguo.

Askari wa Mjerumani kabla ya vita si kazi ngumu kumpaka. Koti na suruali ni kaki. Kichwani ana tarabushi iliyovikwa kitambaa cha kaki, kikiwa na kipande kinachoshuka nyuma kukinga shingo na jua, na mbele kuna tai wa Dola wa chuma cheupe. Miguuni ana patisi za buluu iliyoiva na viatu vya ngozi ya kahawia. Mkanda na mikoba ya risasi ni ngozi ya kahawia. Ombasha na shaushi, wale wenye vyeo, walishonewa pembe za kitambaa chekundu juu ya mkono wa kushoto, na wewe mpaka rangi usisahau kwamba pembe hizo katika picha zitaonekana nyeusi. Picha zake nyingi nzuri zilipigwa na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi ya picha katika koloni hili na baadaye akaingia jeshini. Leo ziko katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Ni picha safi kabisa, unaweza kuhesabu vifungo. Ila zote ni nyeusi na nyeupe, na hapo tunarudi kwa mzee wa studio na taa yake nyekundu.

Lakini huyo ni askari wa 1914, wa gwaride. Mimi ninamtaka wa Usoke, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Waingereza kufunga bahari. Meli mbili za Kijerumani zilipenya na kuleta shehena, moja mwaka 1915 na nyingine 1916, basi. Nguo zikachakaa. Na hapa ndipo nilipokutana na jambo lililonifanya nirukeruke chumbani kama mwehu. Kamanda mkuu wao, Paul von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 1920, ameeleza jinsi walivyojitengenezea nguo humuhumu nchini. Pamba ilisokotwa kwa mkono, ikafumwa, kisha ikabidi itafutwe rangi ya kuitia. Walijaribu hiki na kile, mwishowe wakakuta mizizi ya mti ambao yeye anauita Ndaa, iliyotoa rangi kati ya kahawia na manjano. Anaisifu kwamba haikuonekana kirahisi, si kwenye nyasi wala si kwenye vichaka.

Unaona maana yake? Kaki ya Ulaya ilitoka kiwandani, kila jora sawa na lingine. Hii ya mizizi ilipikwa sufuriani. Leo mizizi mingi, kesho michache, leo maji ya mto, kesho maji ya kisima, na kitambaa chenyewe kimesokotwa na watu mia tofauti. Haiwezekani ikatoka sawa. Kwa hiyo nikapaka askari wangu wa Kijerumani kumi, na wote kumi hawafanani. Wawili wana kaki ya zamani iliyofuliwa mpaka ikawa karibu nyeupe. Watano wana kahawia ya manjano, kila mmoja kivyake. Wengine ni mchanganyiko, koti la zamani na suruali mpya. Patisi nimewavisha wanne tu, na hizo nazo nimezipausha. Mtu anayefuata vitabu vya rangi vinavyouzwa Ulaya atasema nimekosea. Aseme. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya gwaride.

Tabora yenyewe ilikuwa katika hali hiyo ya kujitengenezea. Mwaka huohuo wa 1916, katika karakana ya reli pale mjini, walikuwa wanagonga sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo. Watu wanaogonga dhahabu karakanani hawawezi kushindwa kuchemsha mizizi.

Upande wa Wabelgiji ndipo penye ubishi wa kweli. Jeshi lao la Kongo, Force Publique, tangu mwanzo lilivaa buluu nzito, na tarabushi nyekundu, na mshipi mwekundu kiunoni. Sare hiyo inapendeza machoni, na ndiyo hiyo utakayoiona kwenye michoro na kadi za posta. Lakini kati ya 1915 na 1917 buluu iliondolewa, ikaja kaki. Yatazame hayo miaka kwa makini, msomaji. Usoke ni Septemba 1916. Yaani imeangukia katikati kabisa!

Mtu mvivu atachagua moja. Atasema, "Vita kuu, kaki, tumemaliza", kama nilivyosema mimi siku ya kwanza. Au atapenda uzuri wa buluu na nyekundu, awapake kama wapiga tarumbeta. Mimi nimejaribu kufikiri kama bwana stoo. Jeshi la maelfu ya watu, lililotawanyika kutoka Kivu mpaka Ziwa Tanganyika, nguo mpya zinafika kwa mafungu, juu ya vichwa vya wapagazi, kupitia milima. Bwana stoo hawezi kusema "kesho wote tubadilishe". Anampa aliye karibu, anampa aliyechakaa zaidi, na mwingine anabaki na yake mpaka imfie mwilini. Na buluu yenyewe, baada ya miezi mitano ya jua, jasho na mto, si buluu tena; inakuwa kama moshi wa kuni mbichi. Hivyo katika wale kumi na wawili wangu sasa wanane wana kaki na wanne wana buluu iliyopauka. Tarabushi zimekuwa nyekundu, ila si nyekundu ya bendera. Ni ile tunayoiita damu ya mzee, tena yenye vumbi juu yake.

Hilo la nane na nne ni hukumu yangu mimi, sikulikuta katika daftari la mtu. Lakini linaniletea riwaya yangu. Fikiria askari wa upande wa pili amelala nyuma ya tuta la reli. Ameambiwa adui ni buluu. Mbele yake wanatokea watu wa kaki, kaki kama yake, na katikati yao mtu mmoja wa buluu. Anasita. Ni nani hawa, ni wenzake wamemkamata Mkongo, au ni Wakongo? Kusita huko, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, ndiyo sura yangu nzima. Nisingeipata kama ningemfuata yule aliyechora kadi ya posta.

Na hizo kadi, jamani, jihadharini nazo. Nyingi zilipigwa nyeusi na nyeupe huku Afrika, kisha zikapakwa rangi kwa mkono huko Ulaya na wafanyakazi wa kiwandani ambao hawajapata kuona hata mwembe. Wanatia kijani pale, wanatia nyekundu hapa, ili mradi inunuliwe. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazofanya kazi ileile. Unaipa picha ya kale, baada ya sekunde chache imekuwa ya rangi, na watu wanaisambaza kwa mshangao. Bomba sana kuitazama, lakini mashine inakisia tu kutokana na picha nyingine ilizofundishwa. Kama kioo hakikuiona nyekundu mwaka 1916, mashine haiwezi kuiona leo. Itakupa kofia nyeusi au ya kahawia, na itakupa bila haya, kama nilivyofanya mimi.

Ushahidi ulio bora kuliko picha ni nguo yenyewe, na nguo zimebaki chache, nyingi katika makumbusho ya Ulaya. Hata hizo zimepigwa na mwanga. Wataalamu wa makumbusho wanajua pa kuangalia: ndani ya mshono, chini ya kola, nyuma ya kifungo, mahali ambapo jua halikufika. Hapo rangi ya kwanza inabaki. Ukitaka kuhakikisha, chukua shati lako kuukuu, fumua mfuko wa kifuani. Utakuta chini yake shati jipya.

Hapa Dar es Salaam tunayo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali ambapo kabla ya hapo palikuwa na sanamu ya Wissmann, Mjerumani. Mchongaji wake ni James Alexander Stevenson. Kila mtu aliyepita mjini anamjua yule bwana na bayoneti yake iliyoelekea bandarini. Yeye atakufundisha mkunjo wa patisi na jinsi mkoba unavyokaa mwilini. Rangi hatakupa hata kidogo. Ni shaba nyeusi mpaka kope.

Kuna chanzo kingine ambacho sisi wenye lugha tunacho bure, nacho ni maneno ya biashara ya nguo. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa Unyamwezi, na mzigo wake mkubwa wa kuja bara ulikuwa nguo. Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857 wakati inaitwa Kaze, aliziandika moja moja. Merikani, pamba isiyopaushwa kutoka Marekani, ambayo si nyeupe bali ni rangi ya maziwa yaliyokaa. Kaniki, iliyotiwa nili, buluu inayokaribia weusi. Bendera, pamba nyekundu. Joho, kitambaa kizito cha sufu cha wakubwa. Maneno haya ni kama sanduku la rangi. Msimulizi wa zamani akisema mtu alivaa kaniki, huhitaji picha. Umeshajua ni rangi gani, umeshajua na bei yake.

Na kwa maneno haya unaweza kumpaka hata rugaruga wa Mirambo, ambaye hakuwa na sare ya serikali yoyote. Mirambo alitawala Urambo, hapo jirani yetu, mpaka alipofariki mwaka 1884, na vita vyake na Waarabu wa Tabora vilianza 1871. Stanley alijiunga na upande wa Waarabu mwaka uleule, wakapigwa, naye akarudi mbio. Vijana wa rugaruga wanaelezwa wakiwa na vitambaa vyekundu, manyoya kichwani, mapambo ya pembe na shaba, na mengine ya kutisha waliyoyatoa katika miili ya maadui. Hakuna aliyewapangia mstari wala kuwagawia kofia, lakini wekundu ule ulijulikana toka mbali, na aliyeuona alijua aanze kukimbia. Kwangu hiyo ni sare tosha. Ukiwapaka, msiwape wote nyekundu moja. Wa joho apate nyekundu nzito isiyong'aa, wa bendera apate nyekundu nyepesi iliyofifia mabegani, mahali jua linapopiga kwanza.

Watu husema Kiswahili hakina majina ya rangi. Nimewahi kubishiwa hivyo kijiweni na mtu aliyesoma kuliko mimi. Kweli, nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo zinazobadilika pamoja na ngeli, zingine tunasema "rangi ya". Lakini hiyo "rangi ya" ndiyo ufundi wenyewe! Maji ya kunde, ugoro, majivu, damu ya mzee, jani bichi, kahawa. Huko ni kutaja rangi kwa kitu unachoweza kukishika, na mchoraji hahitaji zaidi. Hata hiyo kaki imetoka katika neno la Kiajemi na Kihindustani lenye maana ya vumbi, tangu vikosi vya Waingereza kule India walipoanza kuivaa miaka ya 1840. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja tu: vumbi la wapi?

Kwa anayetaka kujaribu, hivi ndivyo ninavyochanganya. Sina rangi za dukani za vijisanamu, ninatumia za mafuta zilizobaki kwa mafundi wa milango. Manjano ndiyo msingi. Tia tone la nyeusi, itageuka kijanikijani, usiogope. Tia nyekundu kidogo sana, ile kijani itakufa na kuwa kahawia. Ndipo uifungue kwa nyeupe. Kaki ya kiwandani inataka nyeupe zaidi, ile ya mizizi inataka manjano na nyekundu zaidi. Na rangi ya kitu kidogo sharti iwe nyepesi kuliko ya kitu kikubwa. Ukimpaka mtu wa sentimita nane kwa rangi ileile ya koti halisi, ataonekana mzito na mweusi, kwa sababu mtu halisi unamwona kwa mbali, kupitia hewa na mwanga. Nilipoteza vijisanamu vitatu kabla ya kulielewa hilo.

Na ardhi usiiache. Septemba huku miombo hutoa majani machanga kabla ya mvua, na mengi ni mekundu na ya rangi ya shaba, siyo kijani. Chini kuna majivu ya nyasi zilizochomwa na mchanga mweupe wa kijivu. Nilipoyaweka hayo chini ya askari wangu ndipo nilipomwelewa Lettow na mizizi yake. Ile kahawia ya manjano ilizama kabisa, ikawa haionekani. Tarabushi nyekundu nayo, nilizodhani zitapiga kelele, nazo zilijificha nusu kati ya majani mekundu. Buluu iliyopauka ndiyo iliyobaki wazi. Wale wanne wangu wa buluu, maskini, wangeonekana kwanza.

Meza ilipojaa nikahesabu: askari kumi wa Kijerumani, kumi na wawili wa Kongo, Mzungu mmoja kila upande. Ikaonekana imekamilika, lakini haikuwa imekamilika. Nani aliyebeba risasi hizo zote? Wapagazi walioutumikia upande wa Wabelgiji katika vita vile wanatajwa kufikia 260,000. Kwa upande wa Waingereza, waliokufa peke yao wanakadiriwa karibu 95,000, na jina la jeshi hilo la wabebaji ndilo tunalolitamka kila siku tunaposema Kariakoo. Katika orodha za vijisanamu vya Ulaya nilizowahi kuziona, jenerali yupo, farasi yupo, hata bunduki ya mtombo ipo na watu wake. Mpagazi hayupo, au yupo mmoja wa kukamilishia pakiti. Sababu naijua: hana sare. Hakuna kitabu cha kumwambia mnunuzi ampake rangi gani.

Basi nimechonga wapagazi thelathini. Mninga umekwisha, wa mwisho wanne ni wa mti wa boksi. Nimewapa merikani kwa wengi, kaniki kwa wachache, blanketi kwa wawili, na mmoja nimemvisha koti la buluu lililokatika mikono ambalo askari alilitupa alipopewa kaki. Merikani ndiyo iliyonisumbua. Kila nilichochanganya kilitoka cheupe mno, kama nguo ya harusi. Juzi nikaenda stesheni, nikachota vumbi la pembeni ya reli kwenye kopo la maziwa, nikalichekecha kwa kipande cha chandarua, nikawasugua nalo mmoja mmoja kabla rangi haijakauka. Limeshika. Tarabushi mbili bado zinataka mkono wa pili wa nyekundu, ile nyeusi ya chini inajitokeza.